Mama Huonja Kwanza

Mama yangu hampi mtu dawa kabla hajainywa yeye mwenyewe. Mgonjwa anakaa kwenye kigoda, dawa inamiminwa kikombeni, na mama anapiga funda moja la kweli, si la kulowesha midomo, huku mgonjwa akiliangalia koo lake linavyopanda na kushuka. Akishameza anafuta mdomo kwa pindo la khanga, kisha anampa. Kwetu, upande wa Handeni ukishapita Sindeni ukitokea Korogwe, dawa ambayo mwenyewe hakuionja unaruhusiwa kuikataa. Unainuka, unaaga kwa adabu, unakwenda zako, na hakuna atakayekuita mkorofi.

Sababu yake haina mafumbo. Anayeujua mzizi unaoponya, watu wanaamini anaujua na unaoua. Kwa hiyo mwenye dawa anakunywa kwanza, kama kusema kwamba ikiwa nimekutilia kitu, basi tutakwenda wote. Bibi mzaa mama alifanya hivyo, na mama alirithi dawa pamoja na kuonja kwake, kama mtu anavyorithi shamba pamoja na mipaka yake.

Niseme mapema, kwa sababu watu wa mjini wakisikia habari za dawa za kienyeji wanaanza kufikiria kuku weusi. Mama hapigi ramli, hafukuzi majini, wala hakutajii mchawi wako. Yeye ni wa majani, mizizi na magome, basi. Mtoto akiharisha, anachuma vichipukizi vya mpera, anavichemsha na kumnywesha kidogo kidogo, na papo hapo anamsisitiza mzazi ampe mtoto maji ya chumvi na sukari, na akiona macho yameanza kuingia ndani akimbilie zahanati bila kumsubiri mtu. Mwenye mafua na kifua kilichoziba anafunikwa blanketi juu ya sufuria ya mvumbasi ajifukize mpaka pua ifunguke. Ukipita uani unasikia mtu mzima anakohoa na kumtaja Mungu chini ya blanketi. Choo kikiwa kigumu, ukwaju. Kichefuchefu cha mimba changa, tangawizi kidogo kwenye chai, na hapo anakuwa mkali, hatoi kingine chochote, kwa sababu mja mzito hachezewi na mizizi. Kwa maradhi ya sukari anatumia gome na kokwa za zambarau. Mwarobaini, ambao jina lake lenyewe linadai kutibu maradhi arobaini, yeye anautumia kwa upele na kwa vidonda vya ngozi tu. Anasema aliyeupa mti ule jina lile alikuwa mfanyabiashara.

Namwelewa. Mimi nina mgahawa Korogwe, si mbali na stendi, na hapo mlangoni hupita bwana mmoja na kipaza sauti chake akiuza unga wa chupa unaotibu presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na mikosi. Namfukuza kwa mwiko. Wateja wangu wanacheka, wanadhani mama ntilie huyu haamini mitishamba. Naiamini sana, ndiyo maana namfukuza.

Maana nimeona inavyotafutwa. Nilipokuwa msichana nilimfuata mama porini, na kwenda naye kulikuwa ni kujifunza adabu kabla ya kujifunza miti. Gome halichunwi kuuzunguka mti, kwa sababu mti uliovuliwa nguo zote hufa. Anatoa kipande upande wa mawio na kipande upande wa machweo, kisha anakipaka kidonda tope. Mzizi anafukua wa pembeni, ule mkuu haugusi, na shimo analifukia kwa mguu kabla ya kuondoka. Na mgonjwa akishapona asije akasema asante, maana dawa haishukuriwi. Alete kuku, alete debe la mahindi, asimulie mpaka Kabuku kwamba amepona, lakini neno asante alimeze. Wageni hawalijui hilo, na mama huwa anajifanya hakusikia.

Sasa nimlete baba, kwa sababu bila yeye habari hii haina mwisho.

Baba ni Mshambaa. Alishuka kutoka milimani akiwa kijana kuja kukata mkonge Ngombezi, na huko kambini ndiko alikomkuta mama, Mzigua, aliyekuja kumuuguza kaka yake. Watu wakategemea kwamba akishaoa atampeleka mkewe kwao, kwenye migomba na maji yanayotiririka bila kuombwa. Baba akafanya kinyume. Alifunga mzigo wake, akamfuata mke Handeni, kwenye jua na visima vinavyokauka. Mwanamume ameacha milima kwa ajili ya mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni mtu wa mizizi! Unafikiri wanakijiji walisema nini? Walisema amelishwa limbwata.

Walisema kwa utani, lakini utani wa kijijini una miguu mirefu. Akifua nguo zake mwenyewe, amelishwa. Akimbebea mama ndoo, amelishwa. Akikataa kuoa mke wa pili, basi hilo halikuhitaji hata ushahidi. Kulikuwa na mzee mmoja, rafiki yake wa msikitini, ambaye kila alipomwona baba anaondoka barazani mapema alimwuliza kama dawa imeanza kumvuta. Baba alicheka na wenzake. Lakini alijiwekea sharti, nami nimelikuta sharti hilo tangu nazaliwa: mbele za watu hagusi dawa ya mama, hata tone. Mafua yakimshika alijifukiza nyuma ya nyumba, mlango wa ua umefungwa. Tumbo likimsumbua alisubiri wageni waondoke. Mwanamume anaweza kuitwa mlevi, mvivu au bahili, na akavumilia. Kuitwa aliyelishwa ni jambo jingine. Na alikuwa akimlinda mama pia, kwa sababu mwanamke anayejulikana kumlisha mumewe limbwata, nani ataleta mtoto wake anyweshwe dawa na mkono ule?

Basi wakaishi hivyo, mmoja anaonja mbele za watu na mwingine anakunywa mafichoni, na sikuwahi kuwasikia wakigombana juu ya hilo.

Maradhi ya sukari yalipompata mama, wengi walidhani atajitibu. Hakufanya hivyo, na wala hakusitasita. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na kwa mama hiyo si methali ya kupambia mazungumzo, ni sheria. Anaamini kwamba mtu hawezi kujipima mwenyewe kwa haki. Ataizidisha dawa akiogopa na kuipunguza akijisikia nafuu. Kwa hiyo alipanda basi akaja Korogwe, akalala kwangu, na asubuhi tukaenda hospitali. Akapewa vidonge. Akavimeza kwa nidhamu ambayo daktari mwenyewe aliisifu: kila alfajiri baada ya swala, bila kukosa. Chai na sukari akaachana navyo, ugali akapunguza. Nilimwona amepungua mwili na macho yamechangamka, nikashukuru Mungu.

Kisha akaanguka. Ilikuwa asubuhi, wagonjwa walikuwa wameondoka, na baba alimkuta jikoni amelala chini, jasho limemlowesha, anaongea maneno yasiyoeleweka. Watu wakajaa. Kila mmoja akajua la kufanya, na kwa kuwa kila mtu alijua mama ana sukari, wakaamua imepanda, wakalificha hata bakuli la sukari lisikae karibu naye. Mmoja akasema ni husda. Baba hakumsikiliza yeyote, akasimamisha gari la mkaa lililokuwa likipita, wakambeba mpaka zahanati. Muuguzi akamtoboa kidole na kusema sukari haikupanda hata kidogo, imeshuka mno, na ingeendelea kushuka kidogo tu tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Akamtilia maji ya sukari kwenye mshipa. Mama akafumbua macho, akauliza kama jiko limezimwa.

Nilimleta Korogwe siku iliyofuata. Daktari alikuwa kijana mpole, alimwita bibi na kumpa muda wa kujibu. Alimwuliza kama anakula baada ya kumeza vidonge. Anakula, ingawa anachelewa kidogo. Akamwuliza kama anazidisha vidonge. Hazidishi. Kisha akamwuliza kama anatumia dawa yoyote ya mitishamba.

"Situmii," mama alijibu, na akaona hiyo haitoshi. "Mimi nawapa watu. Mimi mwenyewe situmii. Mganga hajigangi."

Nami nikadakia kwamba ni kweli kabisa, mama yangu hajinyweshi. Ningeapa mbele ya kadhi. Daktari akaandika, akapunguza vidonge kidogo, akamwambia awahi kula, tukaondoka tumeridhika.

Akaanguka tena. Safari hii baba alikuwa karibu, akamwahi na uji wenye sukari nyingi, lakini alinipigia simu na sauti yake sikuitambua. Baba ni mtu wa maneno mengi kwenye simu, anaanza na mvua, anakuja kwenye mbuzi, ndipo anasema shida yake. Siku hiyo alisema tu, "Njoo, mwanangu. Naogopa." Sikuwahi kumsikia baba akisema anaogopa. Nilimwachia jirani mgahawa, nikapanda basi la kwanza.

Nilikaa nao siku kadhaa. Nilikuwa mkali, nakiri, lakini sijutii. Nilimpikia mama, nikamsimamia, nikahesabu vidonge vyake mbele yake mpaka akaniuliza kama nimekuja kumwuguza au kumlinda asitoroke. Sikuona kosa. Anaamka, anaswali, anameza vidonge. Wagonjwa wanafika mapema kwa sababu dawa nyingi hunywewa kabla ya kula, naye anawahudumia kwanza, ndipo anapokuja kukaa mekoni. Nilimgombeza juu ya kuchelewa kula, akawa anakunywa uji kidogo mapema. Bado mchana mikono ilimtetemeka.

Aliyenifumbua macho ni baba, na hakujua. Nilikuwa nimepika maharage tangu asubuhi, na chakula kilipokuwa tayari nikawapakulia, mimi nikabaki nimekaa. Baba akauliza kwa nini sili. Nikasema sina njaa, na ajabu yake sijatia kitu mdomoni tangu kuche. Baba akaangua kicheko. Akasema tangu kuche mdomo wangu haujapumzika, mwiko unaingia, mwiko unatoka, maharage, nazi, mchicha, kisha nasema sijala. Akasema ndiyo maana gauni langu la Idi limegoma kufunga.

Mama alicheka. Mimi nilikuwa nataka kujibu, maana sikubali kuchekwa juu ya gauni lile, lakini macho yakaniangukia kwenye mwiko. Ni kweli. Mimi naonja supu kutwa nzima kule mgahawani, na jioni namwambia mume wangu sijala, na naamini ninachosema. Kuonja si kula. Hakuna mpishi atakayekwambia vingine.

Nikamtazama mama, na nikaiona asubuhi yake nzima. Mzee wa kwanza, sukari: funda moja la zambarau. Mama mnene aliyetoka Mkumbara, sukari: funda. Mwalimu mstaafu, sukari. Zamani, nilipokuwa nikimfuata porini, watu walikuja na homa, matumbo, vidonda. Mtu wa sukari alipita mara moja na watu wakamshangaa. Siku hizi nusu ya wanaokaa kwenye kile kigoda wana sukari. Na kila mmoja wao, mama alimnywea funda lake, tumbo lake likiwa karibu tupu, na vidonge vya hospitali vikiwa tayari vinafanya kazi yao. Dawa mbili zilikuwa zinaishusha sukari ileile.

Nilimwambia. Nilitarajia atashtuka, lakini alikasirika.

"Daktari aliniuliza kama natumia," alisema. "Situmii. Naonja."

"Mama, tumbo halijui kwamba unaonja."

Aliendelea kuchambua mchele, akatupa punje nzuri pamoja na mawe. Najua alivyokuwa anahisi, kwa sababu mimi pia nilihisi hivyo hivyo. Hakuwa amemdanganya daktari. Angekufa akiwa mkweli.

Tulirudi hospitali, safari hii baba naye akaja. Daktari hakutucheka. Alisema zambarau kweli inasemekana kushusha sukari, na ndiyo hasa hatari yake kwa mtu anayemeza vidonge. Akamwambia mama achague kati ya vidonge na kuonja, na kama anamwuliza yeye, asionje chochote tena, maana hata zile dawa nyingine hakuna ajuaye zinavyogongana na vidonge. Pia akamwomba jambo moja ambalo mama amelishika mpaka leo: kila mgonjwa wa sukari au presha anayekuja, amwulize kwanza kama anameza dawa za hospitali, na kama anameza, asimpe kitu. Mama aliitikia lile la pili mara moja. Kwa lile la kwanza alikuwa amekazia macho ukutani. Nikiwa pale nilimlazimisha baba naye apimwe. Aligomba kuhusu sindano kuliko mtoto, kisha akatangaza kwenye foleni nzima kwamba hana sukari wala presha, utadhani amefaulu mtihani.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Asubuhi iliyofuata alikuja mwanamke kutoka Kabuku, ametumwa na watu waliopona, tumbo linamsokota tangu wiki iliyopita. Mama akamwuliza maswali yake yote, akaridhika, akamimina dawa ya tumbo. Akampa kikombe moja kwa moja. Yule mwanamke akakipokea kwa mikono miwili, akasubiri. Mama akamweleza kwamba siku hizi haonji, kwa sababu naye ni mgonjwa. Mwanamke akasema pole sana, bibi. Akakiweka kikombe chini taratibu, akasema amekumbuka ameacha mtoto kwa jirani, akaaga kwa heshima zote. Hakukosea hata kidogo. Alifanya kama ambavyo mama mwenyewe angemfundisha binti yake kufanya.

Siku iliyofuata wakaondoka wengine wawili. Baadaye kigoda kikakaa kitupu, na habari ikatembea kwamba bibi haonji tena dawa zake, na mtu wa huku anajua habari ya namna hiyo inaishia wapi: kwenye neno sumu. Mama alikuwa anatoka uani, anaangalia njia, anarudi ndani. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Jioni, jua lingali juu ya miti, alituita mimi na baba, akasema ameamua. Ataacha vidonge.

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia akiacha vidonge nitaikata mizambarau yote kuanzia hapa mpaka mtoni. Mama hakupandisha yake.

"Dawa hizi nimekuwa nazo tangu sijaota maziwa," alisema. "Vidonge nimevianza juzi. Nisipoonja mimi ni nani? Ni mwanamke anayewapa watu maji machungu."

Nilimjibu kwamba ni mama yangu, na hiyo inatosha. Akanitazama kwa upole, na nikaona kwamba haitoshi. Hilo liliniuma, na mpaka leo nikilikumbuka linaniuma, ingawa namwelewa. Nami nisipoonja supu yangu nitakuwa nani? Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaendelea kuchonga, na mimi nikamkasirikia moyoni kwa ukimya wake kuliko nilivyomkasirikia mama kwa ubishi wake.

Asubuhi niliwahi kuamka nimwone akimeza vidonge. Vilikuwa mezani, kwenye kipakiti, na glasi ya maji pembeni. Hakuvigusa. Alipita, akaenda kuwasha moto chini ya chungu cha dawa ya tumbo. Nikapika uji, natafuta maneno ambayo sijawahi kuyatumia.

Ndipo wakaja wazee kutoka msikitini, wanne, wanamsindikiza mwenzao aliyekuwa ameshika tumbo. Alikuwa yuleyule mzee wa utani, yule wa kumwuliza baba kama dawa imeanza kumvuta. Tulisalimiana, nikawaamkia shikamoo, wakakaa kwenye benchi. Mgonjwa akakalishwa kigodani. Alikuwa amesikia yanayosemwa, hilo lilionekana, na amekuja kwa sababu maumivu yamezidi na zahanati hapakuwa na mtu mpaka mchana. Mama akamwuliza maswali yake. Akamimina. Dawa ile ya tumbo ni mizizi mitatu iliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi, na uchungu wake unakaa kwenye ulimi mpaka chakula cha mchana.

Wazee wakakiangalia kikombe. Mama alikishika kwa mikono miwili, akawaangalia wote wanne, kisha akaanza kukipeleka mdomoni kwake.

Baba alitoka upande wa pili wa uwanja. Hakukimbia. Alimfikia, akaweka mkono wake juu ya mikono ya mama, akakichukua kikombe kama mtu anavyochukua kitu chake. Akapiga funda. Si funda dogo; nililiona koo lake, na wale wazee waliliona. Uso ulimkunjika wote, machozi yakamtoka, akasimama akikaza meno mpaka uchungu ulipomshuka. Hakutema.

"Mke wangu ni mgonjwa," aliwaambia. "Kuanzia leo dawa zake naonja mimi. Likitokea la kutokea, wa kuulizwa ni mimi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya uji mkononi. Nilimpenda baba yangu saa ile kiasi kwamba nilitaka kumgombeza kwa kukaa kimya jana yake. Nilijua anachokifanya, na wazee walijua, na mama alijua kuliko sisi sote. Mtu aliyejifukiza nyuma ya nyumba miaka yote ya ndoa yake amekunywa dawa ya mkewe mbele ya msikiti mzima, maana ulichokinywa mbele ya wazee wanne umekinywa mbele ya msikiti mzima.

Yule mzee wa utani alisahau tumbo lake kwa muda. "Kumbe kweli," alisema. "Kumbe kweli ulilishwa."

"Nililishwa zamani sana, mzee mwenzangu," baba akajibu. "Leo nimekunywa tu mbele yenu."

Wazee walicheka, na mgonjwa naye akacheka mpaka akajishika ubavu. Mama hakucheka. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaniambia nimletee vidonge vyake na ule uji. Nikamletea. Akavimeza palepale, amesimama katikati ya uwanja, mbele ya wote. Kisha akakichukua kikombe mkononi mwa mumewe, akamgeukia mgonjwa.

"Kunywa," alimwambia. "Imeonjwa."